Nusu ya Dozi

Winfrida alikutana na Zefania stendi ya malori Shelui, mchana, wachuuzi wakisukumana chini ya madirisha. Alikuwa amejifunga kitenge cha njano, dumu la mafuta ya alizeti kila mkono. Zefania, dereva wa lori, akashusha kioo.

"Mrembo, hayo mafuta ni salama?"

"Onja. Ukifa nitakuzika."

Akacheka hadi akakohoa, akanunua madumu mawili asiyoyahitaji. Tangu hapo lori lake halikupita Shelui bila kusimama.

Mwezi wa sita Winfrida akaanza kuumwa chini ya kitovu. Nesi Esta wa kituo cha afya akamwambia ni klamidia, ugonjwa wa zinaa unaotibika. Akampa vidonge kumi na vinne vya siku saba, na kadi ya kumwita mwenzake naye atibiwe.

"Mimi niingie pale?" Zefania alishtuka. "Lori langu linajulikana. Kesho nitasemwa hadi Nzega. Tugawane, mama. Saba kwako, saba kwangu. Si tunagawana kila kitu?"

Wakagawana, wakila ugali na kuku sahani moja. Winfrida, masikini, aliona raha kupendwa namna ile. Maumivu yakapoa, wakajitangazia kupona.

"Nesi kasema nikapime tena baada ya miezi mitatu."

"Kapime. Majibu yakiwa safi, napeleka posa kwa baba yako kule Sepuka."

Siku ya kipimo alivaa gauni jipya, la bluu, alilolishona kwa ajili ya habari njema. Nesi akasoma karatasi, akamwangalia. Ugonjwa ulikuwa bado upo.

Alimpigia Zefania akiwa palepale uani.

"Mimi nimepona, sina dalili yoyote," Zefania alisema. "Wewe umeutoa wapi? Madereva Shelui ni wengi."

"Zefa! Unaniambia mimi hivyo?"

Simu ikakatwa. Nesi Esta akamkuta analia, akamuuliza kama alimaliza dozi. Winfrida akasema ukweli.

"Nusu dozi haitibu mtu, mwanangu. Na kutokuwa na dalili si kupona." Akampa dozi nyingine nzima.

Baada ya wiki mbili Zefania akaja na doti ya vitenge, uso umemshuka.

"Nisamehe, mpenzi. Hasira za barabarani tu. Siwezi kukaa bila wewe."

Moyo wa Winfrida ukayeyuka, lakini akatoa kadi. "Twende wote. Kituo kiko wazi."

Zefania akatazama ng'ambo ya barabara, watu kwenye foleni ya kituo. "Si ulipewa vingine? Nigawie hata vitatu."

"Nimemeza vyote. Safari hii sikukubakizia."

Zefania akaitia kadi mfukoni, akaahidi kwenda wiki ijayo. Wiki zikapita. Akipiga simu anamwita mpenzi, Winfrida anauliza habari ya kadi. Winfrida alimpenda bado, na hakumruhusu amguse.

Miezi mitatu ikapita tena. Nesi Esta akasoma karatasi, akatabasamu.

Winfrida akakaa benchi la nje, akapiga simu.

"Zefa, niko safi."

"Mungu mkubwa! Jumamosi nakuja Sepuka na wazee. Si nilikuahidi?"

"Wewe ulipima?"

Akasikia injini ikinguruma, na pumzi yake.

"Winnie, mimi mbona sina dalili..."

"Usije Sepuka."

Akakata simu, akalia palepale kwenye benchi, foleni nzima ikimtazama, bila kujifunika uso.