Safari ya Ndege Iliyopimwa kwa Rula

“Hivi Profesa, ndege ikitoka huko anakosoma binti yangu, inatumia saa ngapi kufika hapa?”

Fundi cherehani aliuliza hivyo Ijumaa moja huku akitunga uzi kwenye sindano. Msichana aliyeulizwa, mtoto wa jirani yake, alikuwa darasa la sita. Wenzake walimwita Profesa kwa sababu hawakuwahi kumsikia akisema “sijui.” Kila akitoka shule alipitia kwa fundi kumsaidia kushona vifungo.

Fundi akampa simu. “Ameniletea habari za tiketi. Anaondoka Jumapili usiku. Mimi Kiingereza kinanipiga chenga, hebu nisomee.”

Ujumbe ulikuwa mrefu na mgumu. Kati ya mji anakosoma binti na mji wao, Profesa aliona jina la mji wa tatu, asielewe linafanya nini pale. Kusema haelewi aliona haya. Akairudisha simu, akafungua atlasi yake ya shule, akaweka rula juu ya ramani, akagawanya umbali kwa mwendo wa ndege.

“Saa nane tu, mama. Jumatatu alfajiri yuko hapa.”

“Kichwa hicho kinachemka!” Fundi akacheka. “Tangu aende masomoni sijamtia machoni, kumbe ni saa nane tu.”

Bibi yake Profesa, aliyekuja kuchukua gauni lake, akatikisa kichwa. “Huyu hata kuku kabla hajataga atakutajia uzito wa yai.”

Jumatatu alasiri Profesa alikuta cherehani imefunikwa. Ndani, fundi alikuwa amekaa mkekani, macho yamevimba, na bibi amemshika bega. Fundi alikuwa amekwenda uwanja wa ndege tangu alfajiri. Abiria walitoka wakaisha, binti hakuwemo, na simu yake haipatikani.

“Ndege imeanguka, mama,” fundi alimwambia bibi. “Wanatuficha tu.”

“Usitangulie kumlilia, mwanangu. Tumwombe Mungu.”

Profesa angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini kilio kile kilimshinda.

“Mama, ule ujumbe sikuuelewa,” alisema kwa sauti ndogo. “Niliona mji mwingine katikati, nikanyamaza. Zile saa nane nilizipata kwenye ramani.”

Bibi akampa simu ya fundi. “Soma sasa, polepole. Usipoelewa, sema.”

Profesa alisoma kwa kidole. “Ndege ya kwanza inaishia mji huu wa katikati. Hapa kuna neno silielewi. Halafu anapanda ndege nyingine mchana. Inafika hapa leo, saa moja jioni.”

“Kwa hiyo sasa hivi yuko angani?” fundi aliuliza.

“Ndiyo, mama. Ndiyo maana simu imezimwa. Nisamehe.”

Fundi alishusha pumzi ndefu.

“Hesabu yako siilaumu, mwanangu. Rula ilipima sawasawa, ila ndege haikufuata njia ya rula. Ulichoninyima ni neno moja, ‘sijui.’ Ungelisema, ningemwuliza mwingine, nisingeshinda leo namlilia mtoto aliye hai. Kutojua si aibu. Ukificha kwamba hujui, anayeumia ni yule aliyekuamini.”

Profesa aliinamisha kichwa, machozi yakimdondoka. Fundi akainuka, akampangusa uso kwa ncha ya mtandio wake, akajitanda vizuri, akachukua mkoba, akatoka kwenda tena uwanja wa ndege kumpokea binti yake.