Na Maji Je?

Duka la kuchapisha mabango lilifurika watu asubuhi ile, kila mmoja akidai kazi yake ndiyo ya haraka. Mkemia akanyakua bango lililokunjwa akidhani ni lake, akatoka mbio kwenda kwenye mkutano wa wanasayansi. Alipolifungua ukumbini alikuta picha za chupa na mabomba, wakati yeye kemia yake yote huifanya kwenye kompyuta!

"Dada, umeniibia chupa zangu."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la bluu, koti la maabara lenye tundu la tindikali mfukoni, alikuwa ameshika bango la Mkemia. "Mimi nimebaki na mipira yako ya rangirangi."

"Hiyo si mipira, ni atomu!"

"Basi atomu zako nazikaribisha chai."

Haukupita muda wakawa chanda na pete. Mkemia alibuni kwa hesabu kichocheo cha kugeuza moshi wa viwandani kuwa mafuta, naye kijana yule, Mzee wa Chupa kama alivyozoea kumwita, akakitengeneza maabara. Kichocheo hicho ndicho Mkemia alichokitegemea ili aajiriwe kuwa mhadhiri.

Mahojiano yalipokaribia, alifanya mazoezi mbele ya wenzake, gauni la kijani limemkaa vizuri, sauti imetulia. Mzee wa Chupa akanyoosha mkono.

"Na maji je? Moshi una mvuke. Umeuweka kwenye hesabu?"

Hakuuweka. Watu wakatazamana. Alirudi nyumbani moyo unamuuma, simu ameizima tangu asubuhi.

"Kakuuliza swali, hajakutukana," alisema dada yake, akimenya vitunguu.

"Si angeniambia chemba!"

"Angekuambiaje, na simu umezima?"

Mkemia akaichukua simu. Akaiwasha, akapiga.

"Mpenzi, nimekutafuta asubuhi nzima," alisema Mzee wa Chupa. "Kichocheo kimekufa maabara, nahisi ni mvuke. Nikaona heri nikuulize mimi kuliko wakuulize wao."

"Umeniaibisha."

"Najua. Nisamehe, mama."

Mkemia alikuwa bado na hasira, lakini alikuwa amemkumbuka zaidi. "Niletee vipimo vyako," alisema. "Na chakula."

Wakaanza hesabu upya, bega kwa bega. Kompyuta ikaonyesha maji yamejazana juu ya kichocheo kama wageni wasiojua kuaga. Walipochanganya shaba kidogo, maji yakaondoka. Maabara nako kichocheo kikadumu.

Siku ya mahojiano, profesa mmoja mwenye miwani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaegemea mbele.

"Na maji je?"

Mkemia nusura acheke. Akafungua picha iliyofuata, akaeleza taratibu mpaka profesa akavua miwani.

Nje, Mzee wa Chupa alikuwa amekaa kwenye benchi, koti lake lilelile.

"Wameuliza?"

"Wameuliza."

"Na kazi?"

"Watanipigia. Ila kuna jambo sitaki lingoje simu yao." Akamshika mkono. "Lete posa nyumbani."

Mzee wa Chupa akasimama wima. "Leo?"

"Leo. Lakini kwanza kabadilishe hilo koti."