Vidonge vya Mama

Kila asubuhi Chiriku aliamshwa na cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na mtaa mzima ulijua kwamba jua likichomoza, mguu wake uko kwenye kanyagio. Kabla maji ya chai hayajachemka, alikuwa amekwishamaliza kola mbili au pindo la sketi. Majirani ndio waliompa msichana huyo jina la Chiriku, kwa sababu ya maneno mengi. "Huyu mtoto hata akinywa maji anaongea," baba yake alipenda kutania.

Chiriku alipofika darasa la sita, mambo yalibadilika. Mama aliteleza kwenye ngazi za soko zilizokuwa na maji, akaumia vibaya mgongo. Hospitalini alipewa vidonge vikali vya kutuliza maumivu, avimeze kwa wiki mbili. Wiki mbili zilipita, mgongo ukapata nafuu, lakini vidonge havikukoma. Kwanza Mama alisema hawezi kulala bila hivyo. Halafu akasema hawezi kushona bila hivyo. Mwisho wake hakusema lolote. Aliipa familia kisogo, akatupia kidonge mdomoni, akanyamaza.

Cherehani nayo ikanyamaza. Sasa Chiriku ndiye aliyeamka wa kwanza, akachemsha chai, akamvalisha mdogo wake wa miaka miwili, ambaye kwa unene wake walimwita Bonge. Baba alikuwa mwashi. Aliondoka alfajiri kwenda kujenga na kurudi jioni akiwa na saruji hadi masikioni. Akimkuta mke wake amelala, alidhani ni uchovu tu.

"Mwanangu," Mama alimwita Chiriku siku moja, "ukitoka shule pitia duka la dawa. Waambie vidonge ni vya bibi yako, anaumwa magoti."

"Lakini Bibi haumwi magoti, Mama. Juzi alituacha nyuma sote tulipokuwa tunatembea."

"Fanya ninavyokwambia. Na baba yako asijue."

Chiriku alikwenda. Alisema uongo ule mara ya kwanza huku ulimi ukimwia mzito. Mara ya pili ulitoka kwa urahisi, na jambo hilo likamtisha zaidi. Mara ya tatu alimkuta mwenye duka, mwanamke mpole ambaye wateja walimwita Mama wa Miwani. Mwanamke huyo alivua miwani yake, akamtazama.

"Bibi yako alete cheti cha daktari, au aje mwenyewe. Vidonge hivi si peremende, mwanangu."

Chiriku alitoka masikio yakimwaka. Mama hakumlaumu. Alimtuma duka jingine, upande wa pili wa soko.

Siku moja shule ilifungwa mapema kwa sababu ya mkutano wa walimu. Chiriku alipokaribia nyumbani alisikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Aliingia mbio. Chumba cha kushonea kilikuwa kimejaa moshi. Mama alikuwa amelaza kichwa juu ya rundo la sketi, amesinzia fofofo, na pasi ya umeme ilikuwa imelala kifudifudi juu ya sketi ya mteja. Chini ya meza alikaa Bonge, akikohoa, huku akiuvuta waya wa pasi kwa mikono yote miwili.

Chiriku aling'oa waya ukutani, akamnyanyua mdogo wake, akafungua dirisha. "Mama! Mama, amka!"

Mama alifumbua macho taratibu, kama mtu anayerudi kutoka mbali. Aliitazama sketi yenye tundu jeusi, akamtazama Bonge.

"Nilisinzia kidogo tu," alisema. "Usimwambie baba yako. Tafadhali, mwanangu."

Chiriku alimpenda mama yake kuliko mtu yeyote duniani, na hakutaka kumchongea. Lakini kila alipofumba macho aliuona ule waya mikononi mwa Bonge. Baba aliporudi na kuanza kunawa miguu bombani, Chiriku alichuchumaa kando yake na kumweleza yote: pasi, vidonge, magoti ya Bibi ambayo hayakuwahi kuuma.

Baba aliacha bomba likimwaga maji. Kisha aliingia ndani kwa hasira, akapekua makabati na mito, na kila kidonge alichokipata akakitupa chooni.

"Imekwisha!" alisema kwa sauti iliyosikika hadi kwa majirani. "Kuanzia leo hakuna kidonge ndani ya nyumba hii. Mtu ajikaze tu!"

Mama alikaa kitandani, mikono mapajani, akilia kimyakimya.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi, na Baba hakwenda kazini. Kufikia mchana Mama alikuwa anatoka jasho huku akisema anahisi baridi. Alitapika kila alichokunywa. Mwili wote ulimtetemeka, hata meno yakawa yanagongana.

"Atatulia," Baba alisema, akimfunika blanketi la pili.

Chiriku hakungoja. Alikimbia hadi duka la dawa, akaegemea kaunta akihema.

"Shikamoo. Nilikudanganya," alisema. "Bibi haumwi. Vidonge ni vya Mama. Baba amevitupa vyote na sasa Mama anaumwa sana. Naomba unisaidie."

Mama wa Miwani hakumgombeza. Alifunga duka, wakaongozana.

"Baba," alimwambia mwashi mara tu alipomwona mgonjwa, "ulikuwa na nia njema. Lakini mwili uliozoea vidonge vikali hauachishwi kwa siku moja. Unaweza kumdhuru. Mpelekeni kituo cha afya sasa hivi, na mkifika semeni ukweli wote. Amemeza vingapi kwa siku, na tangu lini. Msione aibu."

Jirani yao muuza maziwa aliwapakia kwenye gari lake, katikati ya madumu matupu. Mama alilazwa siku nne. Daktari alimtuliza tumbo na mtetemeko, kisha akamwanzishia matibabu ya kumwachisha polepole, dozi ikipungua kidogo kidogo chini ya uangalizi wake. Baada ya hapo familia ilikutanishwa na mshauri wa kituo, kijana mrefu aliyeongea kana kwamba hana haraka na jambo lolote.

"Mimi nilidhani ni ukaidi," Baba alikiri. "Nilidhani hataki tu kuacha."

"Mtu akiwa na malaria, mzee, unamwambia ajikaze?"

Baba alitabasamu kidogo kwa haya. "Hapana. Nampeleka hospitali."

"Na huu ni ugonjwa vilevile. Tunauita uraibu. Alianza kwa dawa halali, kwa maumivu ya kweli, kisha mwili ukaikamata dawa na dawa ikamkamata yeye. Anahitaji matibabu, muda, na watu wa kumshika mkono."

Chiriku alikuwa na swali lililomkaa kooni tangu siku ya moshi. Alisubiri Baba na Mama watoke, akabaki mlangoni.

"Kaka, mimi ndiye niliyekuwa naenda kuvinunua. Je, mimi ndiye niliyemfanya augue?"

Mshauri alivuta kiti, akakaa ili macho yao yalingane. "Hapana. Wewe ni mtoto uliyetumwa. Hukuuleta ugonjwa huu, na huwezi kuuponya peke yako. Ila ulipoona hatari ulisema. Watu wazima wengi huwa hawathubutu."

Chiriku alitembea kurudi nyumbani akijihisi mwepesi, kama aliyetua ndoo ya maji kichwani.

Maisha mapya yalihitaji kazi. Baba alitunza dawa zote na kumpa Mama kiasi alichoandikiwa, asubuhi na jioni. Alijifunza kupika, ingawa wiki ya kwanza Bonge alikuwa akitema kila kijiko. Kila Jumatano Mama alikwenda kituoni kukaa na wagonjwa wenzake na mshauri. Pia alifanya mazoezi ya mgongo sakafuni, na Bonge akadhani ni mchezo, akampanda kila alipoinama.

Maneno ya mtaani hayakukosekana. Siku moja mteja alikuja kuulizia sare ya mtoto wake, akamnong'oneza Chiriku, "Eti ni kweli mama yako ni mlevi wa dawa?"

"Mama alikuwa anaumwa, na sasa anatibiwa," Chiriku alijibu. "Sare yako itakuwa tayari Ijumaa."

Mteja aliaga, akaenda zake.

Miezi mitatu ilipita vizuri. Kisha, siku moja baada ya shule, Chiriku alifungua kopo la vifungo akitafuta cheupe cha shati lake. Chini kabisa aliona karatasi ya rangi ya fedha yenye vidonge. Vitatu havikuwepo.

"Nani kakutuma kupekua vitu vyangu?" Mama aliuliza kwa ukali akiwa amesimama mlangoni.

Chiriku alihisi machozi yakimjaa, lakini hakurudisha kopo mahali pake. "Hakuna aliyenituma, Mama. Nilikuwa natafuta kifungo. Sitakufichia tena. Lakini pia sikuachi."

Ukali wa Mama uliyeyuka. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akafunika uso.

"Mgongo uliniuma juzi, kazi ilikuwa nyingi. Rafiki akanipa. Nikasema kimoja tu, basi. Nimeharibu kila kitu, mwanangu. Watanionaje kule kituoni?"

"Kesho ni Jumatano," Chiriku alisema. "Baba akikubali, twende wote."

Mama alichukua ile karatasi na kumkabidhi Chiriku. "Mpe baba yako akirudi. Maneno nitayasema mwenyewe."

Aliyasema. Baba alisikiliza hadi mwisho, na safari hii hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Kesho tutoke saa ngapi?"

Chumba cha kituo kilikuwa na viti kumi na viwili vilivyopangwa duara. Alikuwepo mwalimu mstaafu, kinyozi, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Zamu ya Mama ilipofika, alisimama, mkono mmoja ukiwa umeshika bega la Chiriku.

"Mimi ni fundi wa nguo," alisema. "Nilikaa miezi mitatu nikifuata dawa ya daktari tu. Juzi nilianguka. Leo ni siku yangu ya kwanza tena."

Chiriku alisubiri mtu acheke au agune. Hakuna aliyefanya hivyo. Kinyozi aliitikia kwa kichwa. "Karibu, dada," alisema. "Mimi siku ya kwanza nimekuwa nayo mara nne. Hii ya nne sasa ina mwaka."

Daktari alimwita Mama pembeni, akampima na kupanga upya dozi yake na mazoezi ya mgongo. Waliporudi, mshauri aliwatazama wote watatu.

"Siku ile ya kwanza mlimleta amebebwa," alisema. "Leo amekuja kwa miguu yake, na amesema mwenyewe. Kuanguka ni sehemu ya ugonjwa, tutamtibu tena. Kinachoua ni kujificha. Mgonjwa akisema mapema, na watu wake wakamsikiliza bila kumtukana wala kumfichia, dawa hupata nafasi ya kufanya kazi. Wewe, binti, kumbuka hilo hata ukiwa mtu mzima. Anayekupenda hatakuomba useme uongo kwa ajili yake, na akikuomba, jua anahitaji msaada."

"Nilimwomba," Mama alisema taratibu. Alimgeukia binti yake mbele ya watu wote. "Nisamehe, mwanangu. Mzigo ule haukuwa wako."

Chiriku, aliyejua maneno mengi kuliko mtoto yeyote wa mtaa ule, safari hii hakupata hata moja. Alimkumbatia mama yake kiunoni, kwa uangalifu, asije akamuumiza mgongo.