Alichokificha Fundi Mhoja

Kila alipotoka shuleni, Sabina alipitia kwenye kibanda cha ushonaji cha baba yake, mtaa wa Mabatini, kumsaidia kushona vifungo. Fundi Mhoja alishona sare za wanafunzi, na kazi yake ilisifiwa mtaa mzima.

Siku moja alimkuta ameshika shati lenye mikono yote miwili upande mmoja, analigeuzageuza.

"Baba, hapo umekosea."

"Nani kakosea?" alifoka. Kisha akasema taratibu, "Selina, niletee maji."

Sabina aliogopa. Selina alikuwa shangazi yake, na alishafariki.

Wiki hiyo kichwa kilimuuma Mhoja kila asubuhi. Alitapika, na mkasi ukawa unamponyoka mkononi. Mdogo wake, Luhende, alikuja kutoka mtaa wa Pasiansi akasema kaka yake amerogwa, apelekwe kwa mganga.

"Hospitali kwanza, shemeji," alisema Mama Sabina. Wakaenda wote.

Daktari Odeta alimpima, akauliza, "Haja ndogo unapata vizuri, mzee?"

"Vizuri kabisa," Mhoja alijibu haraka.

Sabina alijua si kweli. Tangu mwaka jana baba yake alikuwa akikaa chooni muda mrefu, akiguna kwa maumivu. Siku moja, Sabina akifua nguo, aliona damu kwenye suruali ya baba. Baba alimwambia ni rangi ya kitambaa, asimwambie mtu. Sasa alikuwa akimkazia macho anyamaze.

"Daktari, si kweli," Sabina alisema. "Anapata shida. Na niliona damu."

"Unaniaibisha mbele ya watu!"

"Nisamehe, baba. Sitaki ufe."

Mhoja aligeukia ukutani. Mama Sabina alijifunika uso kwa kanga.

Vipimo vilipotoka, daktari aliwaita. "Ni saratani ya tezi dume, kiungo kidogo cha mwanaume kilicho chini ya kibofu. Imesambaa kwenye mifupa, na sasa imefika kwenye ubongo. Si kawaida kufika huko, lakini hutokea. Kuiponya hatuwezi tena. Tutampa dawa na mionzi ili apate nafuu. Angekuja mapema, tungeweza kufanya mengi."

Baada ya matibabu, maumivu ya kichwa yalipungua, na akili ikamrudia kwa muda. Luhende alipokuja kumwona, Mhoja alimshika mkono.

"Mdogo wangu, niliona aibu. Nilidhani nikisema, nitaonekana si mwanaume. Daktari anasema ugonjwa huu huweza kuwapata ndugu wa damu pia, kwa hiyo wewe nenda kapime."

Luhende alikwenda. Alikutwa na saratani hiyohiyo, lakini ilikuwa bado haijasambaa. Alianza matibabu mara moja.

Mhoja alifariki kabla shule hazijafungwa. Walimzika kijijini kwao, Magu.

Waombolezaji walipoondoka, Sabina alimfuata mama yake jikoni. "Mama, baba alikufa akiwa amenikasirikia?"

"Hapana, mwanangu. Aliniambia wewe ndiye uliyemwokoa Luhende." Mama aliweka sufuria chini, akamvuta karibu. "Aibu ya siku ile iliisha palepale hospitalini. Kilichomuua baba yako ni ugonjwa alioukalia kimya. Ukiona mtu anaumwa na anaficha, sema. Hata kama anayekukataza ni mimi, sema."