Nyange Hakunywa

Kitendawili, wanakijiji! Nina madobi wawili, wanakaa gizani, wanafua usiku na mchana bila sabuni. Wakigoma, bwana wao anakufa. Msijikune vichwa, ni figo. Figo husafisha damu, uchafu ukatoka kwa mkojo. Nimewategulia mapema kwa sababu hadithi yenyewe haina mchezo. Nilipewa na bibi yangu, nami nawapa.

Zamani za Mdachi, reli ikiwa bado haijafika Dodoma, hapa Ugogo aliishi Yotham na mkewe Zipora. Walikuwa na mtoto mchanga, Ruthu. Homa ilikuwa imemkausha Zipora maziwa, kwa hiyo Ruthu aliishi kwa maziwa ya ng'ombe wao mweupe, Nyange. Kila asubuhi Zipora alikamua akiimba, povu likipanda kibuyuni, na mtoto akirusha miguu juu ya ngozi.

Kiangazi kile Yotham akampeleka Nyange na mitamba wawili mbugani kulamba udongo wa chumvi. Mnajua desturi: ng'ombe akilamba chumvi, siku hiyohiyo lazima anywe. Maji yalikuwa korongoni, kwenye visima vya kuchimba mchangani, na watu walinywesha kwa zamu. Zamu ikikupita, unangoja nyumba zote zimalize. Sasa njiani Yotham akakuta pombe ya uwele kwa shemeji yake. "Kata moja tu," akasema. Eti moja! Alipofika korongoni, zamu yake ilikuwa imepita.

Mwenzake mmoja, Sila, akamcheka mbele ya watu. "Yotham, leo ng'ombe wako wamekunywa pombe?"

Wote wakaangua kicheko. Aibu ikamkaba Yotham, akawarudisha ng'ombe na kiu yao.

"Wamekunywa, Baba Ruthu?" Zipora akauliza.

"Wamekunywa mpaka wamesaza."

Kesho yake na kesho kutwa akawachunga mbali na korongo asije akachekwa tena, akingoja zamu irudi. Kila jioni alirudia uongo uleule. Siku ya tatu Nyange akatoa maziwa yasiyojaza kiganja. Siku ya nne hakutoa hata tone. Ruthu alilia mpaka sauti ikawa nyembamba kama ya kifaranga.

Zipora akainama zizini, akapapasa ardhi. "Baba Ruthu, hapa pakavu. Nyange hajakojoa tangu jana."

"Mwanamke, siku hizi unahesabu mikojo ya ng'ombe?"

Zipora akatoka zizini mbio. Akamkimbilia jirani yao Mzee Matonya, mjuzi wa mifugo. Mzee akaja, akamfunua Nyange mdomo, akanusa, akageuza uso upesi.

"Mdomo unanuka mkojo. Uchafu umekosa njia, umebaki kwenye damu. Yotham mwanangu, huyu alikunywa lini?"

"Juzi, baba."

"Nimekuuliza lini?"

Yotham akatazama chini. "Hajanywa tangu alambe chumvi."

Zipora akabeba mitungi yote ya ndani, akaimimina horini. Mitamba, kwa kuwa hawakuwa wakitoa maziwa, walikunywa na kupona. Nyange naye alikunywa, lakini figo zake zilikuwa zimeshagoma; alitetemeka mwili mzima, na jua lilipofika utosini akaanguka. Nyama yake ilinuka mkojo, ikabidi izikwe. Mgogo kuzika nyama, jamani!

Zipora akamweka mtoto mikononi mwa mumewe. "Aibu yako umeificha siku nne. Sasa nenda nayo kwa wenzako, kabla huyu hajafa."

Yotham akaenda korongoni, mbele ya watu walewale. "Nilikunywa nikapoteza zamu, nikamdanganya mke wangu. Nimemuua Nyange. Mtoto hana maziwa."

Hakuna aliyecheka. Sila akatupa kata yake chini. "Bwege wewe! Mimi nilikuwa nakutania! Ungesema tu wana kiu ya chumvi, ningekupisha palepale!"

Jioni ileile Sila akaleta ng'ombe wake wa maziwa, akamkabidhi Zipora kamba. Yotham ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono aipokee, lakini Sila aliupita kama hakuuona. Ruthu akanywa, akalala. Alipona.

MAFUNZO

Wajukuu zangu, pombe ilianza, lakini uongo ndio uliomaliza. Kuchekwa hakujamuua mtu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, maana kosa la mchana mmoja lina dawa, la siku nne linaweza kukosa. Na ninyi wenye mifugo, mnyama hana mdomo wa kushtaki: tazameni maji yake yanayoingia, tazameni na yanayotoka. Haya, nendeni mkanyweshe, jua linapanda.