Kidonda cha Evaristo Kilichokataa Kupona

Naapa kwa kahawa ya marehemu mama yangu: humu hamna hata punje ya uongo.

Enzi za kiwanda chetu cha sukari, mkoa wetu wa Camagüey wote ulinukia asali ya miwa. Jumamosi, kompadre wangu Evaristo, niliyembatizia mwanawe, alicheza dansi ya danzoni na mkewe Nereida, taratibu, tukaacha kula tuwatazame. Kiwanda kikafungwa. Evaristo naye akapata kisukari, kisha kidonda unyayoni kisichopona msimu mzima.

Akaweka nadhiri kwa Mtakatifu Lazaro, mwenye vidonda na mbwa wake: angetembea peku hadi kanisani kwake kila mwaka. Safari ya kwanza hakuhisi hata changarawe. Aliporudi, kidonda kilikaribia mfupa, na hospitalini wakataja kukata mguu.

Nereida akamwita Yamilé, daktari wa mtaa, anayeishi juu ya zahanati yake. Kwanza alimgombeza mgonjwa.

"Mzee, kisukari kimeua hisia za mguu wako. Unaumia na hujui."

Evaristo akauliza kama mguu utakatwa.

"Tujaribu kuuokoa. Mwili una vichocheo vya ukuaji, vinavyoiamrisha nyama iote. Kwako vimepungua, kidonda kimelala. Tutavidunga pembeni na ndani ya kidonda, wiki kadhaa. Ila kwanza tuondoe nyama iliyokufa, tutibu maambukizi, tupime kama damu inafika. Si kila mtu inamfaa. Na wewe ushushe sukari, usiukanyage mguu."

"Na nadhiri yangu?"

"Utaitimiza ukiwa na viatu."

Sindano ziliuma, alitukana hadi kasuku wa jirani akahitimu matusi. Lakini polepole nyama mpya iliota kutoka chini, nyekundu kama jamu ya mapera, na ngozi ikajifunga juu yake. Sasa Nereida humkagua nyayo kila jioni, na hupapasa ndani ya viatu kabla hajavivaa.

Kwenye sherehe ya mtaa Evaristo alicheza hadi alfajiri, wapiga filimbi watatu wakazimia.

Hapo Nereida, aliyekuwa akisoma begani kwangu haya ninayoandika, akanishika mkono.

"Kompadre, mwongo we. Alicheza wimbo mmoja, akaketi kama alivyoagizwa. Mtu akisoma hayo atakanyagia kidonda kibichi. Lipa."

Kwao, uongo hulipwa kwa kucheza na mama yake Nereida, kikongwe asiyekubali kuongozwa. Nikacheza pale pale sebuleni, nikivutwa kama toroli. Evaristo alinihesabia hatua, mguu juu ya kiti, vidole vyote vitano vikifuata mdundo.