Sauti Kabatini

Rafiki yangu, kinyozi, hapendi haya yasimuliwe. Anaona aibu. Alichukua skripti ya marehemu dada yake, akafuta jina, akaandika lake, akaituma kwenye mtandao ambako wanachama hupigia kura filamu ya kutengeneza pamoja. Sharti lilikuwa mwandishi ajirekodi akisoma ukurasa wa kwanza, kisha ajitaje. Kukwepa mwangwi alijifungia kabatini, gizani, katikati ya magauni ya dada.

Kesho yake mwanachama mmoja akaandika: “Kura yangu umepata, kaka. Ila huyo mwanamke anayekunong'onezea kila neno kabla hujalisema ni nani?”

Rafiki yangu akaicheza tena rekodi yake, akaweka simu sikioni. Kweli, mnong'ono ulitangulia kila neno, mpaka alipofika kwenye jina la mwandishi. Hapo ilisikika pumzi tu, ikimngoja aseme mwenyewe.